Mfupa wa Bwana Tisdall

Nimeuawa na Lionel Ashcombe mara nyingi mno, na nalisema hilo kwa kujidai. Kanifyonza damu ngazini, kanifyonza bustanini, kanifyonza kitandani, na mara moja ndani ya gari la farasi lisilo na farasi, maana farasi wenyewe walikuwa wameazimwa na maonyesho ya kilimo ya kijijini. Kila mara nilikufa vizuri. Sasa hawa vijana wanaonijia siku hizi na vinasa sauti vyao, meno nje, "Bi Nerys, zile filamu zenu za vizuka zilikuwa zinachekesha kweli," huwa nawaonyesha mlango. Chai wakanywe kwao.

Hazikuchekesha, kwa taarifa yao. Ilianza kuchekesha moja, na hiyo moja ndiyo iliyotumaliza. Kaeni niwaambie ilivyokuwa, kisha mcheke wenyewe kama bado mtakuwa na hamu.

Studio yetu ilikuwa nyumba ya kuishi watu, jumba la matajiri waliofilisika, ukingoni mwa mto Thames, paa linavuja na kuta zimeota ukungu. Mwaka wa hamsini na nne, mgao wa nyama ulipoondolewa, Enoch Pickersgill aliuza mabucha yake yote ya nguruwe kule Bradford akalinunua. Watu wa magazeti wakamuuliza, muuza soseji anajua nini kuhusu filamu? Akawaambia, "Nchi hii imekula kwa kadi tangu vita. Watu wamechoka kuwa na adabu. Mimi nitawapa damu." Akawafungia mlango.

Basi jumba likawa kila kitu. Ngazi ile ile kubwa ya mbao ilikuwa ya kasri mwezi huu, ya hospitali ya vichaa mwezi ujao. Seremala anabadilisha mapazia, anapiga rangi, kazi imekwisha. Damu tuliipika jikoni kwa Hetty Bagshaw, mpishi wetu, shira na rangi nyekundu, katika sufuria lile lile la uji wa asubuhi. Wakati wa kiangazi nyigu walikuwa wanaifuata. Lionel, mwanamume mrefu kama mlango, aliyewatia watu kiwewe kuanzia London mpaka Aberdeen, akimwona nyigu alikuwa anatimua mbio na joho lake, anapiga mayowe kuliko mimi niliyelipwa kupiga mayowe. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mwalimu wa Kilatini. Nyama hakuigusa kabisa, na Pickersgill hakumsamehe kwa hilo mpaka mwisho.

Lakini tulitisha, wee! Foleni zilikuwa zinazunguka majengo ya sinema mvua inanyesha. Mjini Cardiff mtu alizirai, na Pickersgill akamtumia kapu zima la nyama kwa shukrani. Mimi nilitoka Wales, bonde la makaa ya mawe, binti wa shemasi. Mama yangu alinikana mbele ya waumini, kisha akapanda basi mpaka mji wa pili, kajitanda kitambaa usoni, akakaa akanitazama nikifa, na ilipokwisha akakaa tena akanitazama upya. Dada yangu ndiye aliyenitobolea siri hiyo. Mama mwenyewe aliniambia kwa simu jambo moja tu, kwamba lile gauni la kulalia lilikuwa jepesi, ningepata kifua.

Na tulikuwa na X yetu. Kwetu filamu haionyeshwi mpaka ipite kwa wakaguzi na kupewa cheti. Kuna cheti cha kila mtu, kuna A, ambacho mtoto anaingia na mzazi wake, halafu kuna X, mtoto asikanyage. Sisi tulikuwa watu wa X. Pickersgill aliichapa kwenye mabango kubwa kuliko majina yetu. Maana yake ilikuwa kwamba humu ndani mna kitu cha kweli, na mwenye moyo mwepesi abaki nyumbani. Niliipenda herufi ile kuliko sura yangu, na sura nilikuwa nayo.

Kwa wakaguzi aliyetushughulikia alikuwa Bwana Aubrey Tisdall. Mtu mwembamba, anamumunya peremende, penseli daima mkononi. Alikuwa anakuja mwenyewe, anaketi katika kile chumba chetu kidogo cha kuonyeshea filamu, kilichokuwa zamani chumba cha kufulia, na kila alipoona kitu kisichompendeza aligonga penseli kwenye mkono wa kiti. Tik. Sisi nyuma yake roho juu. Baadaye yeye na Pickersgill wanapewa chai na keki na kuanza kuvutana kama watu wanaonunuliana ng'ombe.

Hapo sasa ndipo ulipoingia ule mfupa. Pickersgill aligundua mapema kwamba mkaguzi haendi zake mikono mitupu. Lazima akate kitu, la sivyo ofisini watamuuliza mshahara wake ni wa nini. Basi tukawa tunamtengenezea cha kukata. Kila filamu ilikuwa na tukio moja la kuchukiza kupita kiasi, la makusudi, na hilo tuliliita mfupa. Tisdall anaudaka, anaung'ang'ania, Pickersgill anagombana, anapiga meza, anakaribia kulia machozi, "Bwana Tisdall, unaniua! Unaikata roho ya filamu yangu!" Mwishowe anasalimu amri, kichwa chini. Tisdall anaondoka na mfupa wake, na filamu yetu yote inabaki salama, haijaguswa. Bosi akifika jikoni alikuwa anajifuta macho kwa kicheko mpaka Hetty anampiga na kitambaa cha vyombo, "Kaa chini, mzee, moyo utakusimama."

Kwa kuwa tulijua hakuna mtu atakayeuona, mfupa haukuwahi kutengenezwa vizuri. Tuliupiga siku ya mwisho ya kazi, alasiri, watu wameshaanza kunywa bia. Ulikuwa mchezo wetu. Kamba zinaonekana, meno ya Lionel yanaanguka kwenye supu, fundi wa taa yuko pembeni anakula kiporo cha samaki. Studio nyingine walikuwa wanafanya sherehe ya kumaliza kazi. Sisi tulikuwa tunatengeneza mfupa.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha dunia ikageuka na hakuna aliyetuambia.

Mwaka wa sabini na moja tulipeleka filamu iliyokuwa na mfupa bora kuliko yote, kwa maana ya ubovu. Lionel ameketi mezani, mfalme wa wafu, anafunua sinia kubwa la fedha. Ndani kuna kichwa changu juu ya majani ya saladi, soseji mdomoni. Mimi nilikuwa nimechuchumaa chini ya meza, shingo nimeipenyeza kwenye tundu. Lionel ananitazama kwa huzuni, anachukua kidude cha chumvi, ananinyunyizia. Hilo halikuwa kwenye mpango, alilizua papo hapo. Midomo yangu ikatetemeka, soseji ikaanza kucheza, na kichwa cha maiti kikaonekana wazi kinazuia kicheko. Tulicheka mpaka kamera ikayumba.

Tisdall alikuja, akaketi, filamu ikaanza. Tukangoja tik. Kimya. Kichwa kikapita, soseji ikapita, chumvi ikapita, penseli imelala tu mkononi. Taa zilipowashwa alivua miwani akaifuta.

"Sina la kukata," akasema.

Pickersgill alidhani hakusikia sawasawa. "Huna nini?"

"La kukata. Iko sawa tu."

"Na kile kichwa, je?"

"Kichwa kipi? Aa, kile. Kiacheni, hakina neno." Akaanza kutafuta peremende mfukoni. "Bwana Pickersgill, binti yangu ana miaka kumi na miwili. Jana alikuwa anakula mayai yake huku televisheni inamwonyesha vita vya kweli, watoto wa kweli. Hakuacha kula. Sasa mimi nimlinde na soseji yako? Nitakupa A."

A! Mtoto aje na mamaye, wakae, wale karanga. Sijapata kuona mtu mzima akinyauka mbele yangu kama Pickersgill siku ile.

Tungeweza kuukata wenyewe ule mfupa na kuutupa. Nilisema hivyo, Lionel akasema hivyo, Hetty ambaye hakuulizwa akasema hivyo. Lakini wakati huo pesa za filamu zetu zilikuwa zinatoka kwa Desmond Challis wa London, msambazaji, kijana wa suti ya zambarau, na Challis aliposikia tumepita bila kukatwa alifurahi mno. Akaamuru mabango yaandikwe: HAIKUKATWA HATA INCHI MOJA. Isiguswe.

Nilikwenda kuitazama mjini Slough. Sinia lilipofunuliwa ukumbi mzima uliangua kicheko. Mvulana mmoja nyuma akapaza sauti, "Mwongezee haradali!" Watu hoi, hawana mbavu. Baada ya hapo hata palipotisha walicheka. Nilikufa ngazini, kifo kizuri kabisa, nikiteremka kichwa mbele kidato kwa kidato, na goti langu la kushoto linauma mpaka leo kwa ajili ya ngazi ile. Walicheka. Nilikaa gizani uso unawaka moto. Nilitamani kusimama niwaambie, wajinga nyie, hamjui kutazama. Lakini walikuwa na haki, na hilo ndilo lililonichoma. Tulifanya upuuzi, tukawauzia.

Challis akapiga simu siku ya pili yake. Fedha zinamiminika! Tufanye nyingine, soseji zaidi! Tukafanya mbili. Katika moja Lionel anakimbizwa na kuku. Mtu niliyemheshimu kuliko baba yangu, anakimbizwa na kuku, kwa sababu msambazaji kasema kuku wanachekesha. Akarudi chumba cha kuvalia, akavua meno, akayaweka kwenye bilauri ya maji, akaniambia, "Nerys, mpenzi, nadhani mimi sitishi tena." Nikamwambia afyate mdomo. Nilijifungia chooni nikalia.

Pickersgill ndiye aliyeamka. Siku moja aliingia jikoni tukinywa chai ya saa nne, akapiga meza kwa kiganja kile kikubwa cha muuza nyama, vikombe vikaruka.

"Tunatengeneza moja," akasema. "Ya kweli. Hakuna kuku, hakuna soseji. Na nisikilizeni vizuri, hakuna mfupa. Hii itakuwa nyama tupu. Nataka X yangu, na safari hii nitaipata kwa halali."

"Challis je?" Lionel akauliza.

"Challis ataiona ikishapikwa. Na wewe ndiye utakayeongoza. Meno yamekuchosha, weka chini, kaa nyuma ya kamera."

Mimi nilipewa sehemu ya mama. Umri wa gauni jepesi ulikuwa umenipita, nalisema bila kinyongo. Ni hadithi ndogo. Mjane kijijini kamzika binti yake wa pekee wakati wa baridi. Baada ya mazishi binti anarudi, anagonga mlango wa jikoni. Binti alichezwa na Imogen Yelland, mtoto mzuri, mnyamavu, alikuwa ananiletea biskuti. Na mswada ulisema hivi: mama anafungua, anamwona, anapiga mayowe, ananyanyua msalaba.

"Sipigi," nikasema.

Lionel akanitazama juu ya miwani. "Bibie, wewe ndiye mpiga mayowe wetu."

"Nimepiga mayowe nyumba hii mpaka nimepasua koo. Nilipiga kwa sababu aliyesimama mbele yangu alikuwa wewe, na joho lako. Huyu ni mwanangu. Nimemzika. Sasa yuko mlangoni, anasema mama nina baridi. Nani aliyeandika kwamba nitanyanyua msalaba? Mwanamume."

"Mimi," akasema Lionel.

"Basi ndiyo hivyo."

Akacheka kidogo, akakuna kidevu. "Utafanya nini?"

"Washa kamera uone."

Tuliipiga mchana, jikoni kwa Hetty, madirisha tumeyafunika kwa mablanketi. Imogen akagonga. "Mama. Nina baridi, mama." Nikakaa. Najua yule si mwanangu, na najua ni mwanangu. Nikaenda, nikafungua mlango. Yuko pale, kajaa udongo wa kaburi kwenye nywele. Nikampangusa. Nikamwambia aingie, miguu itamganda. Nikamkalisha pale moto ulipo, nikamwekea mkate, mchuzi, havigusi, ananitazama tu hapa shingoni kwa ile njaa, huku anaona haya kama mtoto aliyejikojolea. Nikaelewa anataka nini. Nikakaa karibu naye, nikapeleka mkono kwenye ukosi wa gauni langu, nikafungua kifungo, nikafungua cha pili, nikaweka ukosi pembeni. Nikasema, "Njoo ule, mwanangu." Basi. Hakuna meno, hakuna tone la damu. Anainamisha kichwa begani kwangu, mimi namshika nywele, kamera inabaki usoni kwangu.

Lionel hakusema kata. Alisahau. Filamu ikaisha ndani ya kamera. Hetty alikuwa amesimama kwenye ghala la chakula tangu mwanzo. Alivua aproni, akatoka, akaenda kumpigia simu binti yake aliyekuwa Hull. Siku hiyo tulikula mkate mkavu na jibini.

Tisdall alikuja na Challis wakiwa katika gari moja. Chumba cha kufulia, viti vile vile. Tulipofika pale jikoni nilikuwa naitazama penseli, siitazami skrini. Haikugonga. Ilianguka chini, ikabiringika mpaka ukutani, na hakuna aliyeinama kuiokota.

Taa zikawashwa.

"Vile vifungo," akasema Tisdall. "Pale anapofungua ukosi, na yale maneno. Vitoke."

"Damu iko wapi?" Pickersgill akauliza, na nikaona anajizuia asitabasamu. "Nionyeshe damu, Bwana Tisdall."

"Damu ningekuachia. Damu yako ni shira, najua, nimeiramba. Hiki sijui ni nini." Akageuka akanitazama mimi. "Ikitoka hiyo nitatoa A leo hii. Ikibaki ni X, na sitakuwa na uchaguzi."

Challis akarukia. "Inatoka! Jamani, ni nusu dakika! Enoch, sikiliza. Kwa A naipeleka kwenye kumbi zote likizo ya Pasaka, na wewe nakupa mkataba wa filamu nne. Kwa X siigusi. Hiyo X yenu siku hizi watu wanakwenda kutazamia wanawake uchi, nani atakuja kumwona mama mtu mzima anafungua ukosi? Itaonyeshwa kwenye vijumba viwili vitatu kutimiza mkataba, na benki inauza jumba kwa wajenzi. Chagua."

Pickersgill alichezea kishikizo cha kizibao chake. Nilimwona anautafuta mfupa, kwa mazoea ya miaka yote ile, kitu cha kurusha Tisdall akidake. Hakikuwepo. Tulikuwa tumeandaa nyama tupu. Akanigeukia.

"Shingo ni yako, binti," akasema. "Amua."

Ala! Nilimwambia anipe muda wa kwenda jikoni. Walikuwa wote pale, mafundi wa taa, washonaji, seremala, Hetty. Nikawaeleza bila kupamba. Tukikata, kazi ipo. Tusipokata, jumba linakwenda.

Hetty ndiye aliyeanza. "Mimi viazi nitavimenya popote. Lakini yule kijana wa zambarau akikata pale, Nerys, nitamtilia kitu kwenye chai, na utakuja kunitembelea jela."

Wengine wakacheka. Seremala hakucheka. "Mimi nina watoto watatu," akasema. "Ushujaa wenu hauwalishi. Nusu dakika ni nusu dakika. Kata, twende kazini."

"Umeona lakini?" nikamuuliza. "Umeiona?"

"Nimeiona. Nimelia. Bado nasema kata."

Watoto wake nilikuwa nawajua kwa majina, mkubwa nilimfundisha kuendesha baiskeli kwenye uwanja wa mbele. Nilirudi nikiwafikiria watoto hao. Lakini nilipofika mlangoni nikamsikia Challis anamwambia Pickersgill kwamba tukishakata pale tunaweza kuweka kicheko kidogo, labda binti apige chafya. Chafya! Damu ikanipanda kichwani.

"Hakikatwi," nikasema.

"Bi Nerys, tafadhali, fikiri—"

"Nimefikiri. Umetufanya tukimbizwe na kuku, bwana. Umemdhalilisha mwanamume yule pale, aliyekuwa akiingia tu chumbani watu wanaacha kupumua. Umenitia soseji mdomoni mbele ya nchi nzima. Kile cha leo hukipati. Ni changu. Kama jumba litakufa, litakufa linatisha. Thubutu kukigusa uone."

Challis akamtazama Pickersgill, akitegemea mzee atanituliza. Mzee alikuwa ameshasimama, kifua mbele, muuza nyama wa Bradford mzima mzima.

"Umemsikia bibi," akasema. "Mlango unaujua."

Tisdall alitia saini ya X papo hapo, kwenye mkono wa kiti, kwa kalamu ya Lionel. Wakati anavaa koti akamwambia Pickersgill kwa sauti ya chini, "Ile mifupa mliyokuwa mnanipa. Mnadhani sikujua?"

Pickersgill akashikwa na butwaa. "Ulijua?"

"Tangu filamu ya pili. Nami nilihitaji kurudi ofisini na kitu mdomoni." Akavaa kofia, akanipa mkono, akasema mke wake hataruhusiwa kuiona ile filamu, akaenda zake.

Challis alitimiza neno lake, huyo hakuwa mtu wa kutishia bure. Filamu ikatupwa katikati ya juma, bila bango. Kabla ya majira ya joto wajenzi waliingia na nyundo. Ngazi ilinunuliwa na hoteli. Seremala hakunisemesha tena mpaka alipokufa, na sikumlaumu hata siku moja. Pickersgill alirudi Bradford. Tulipoagana aliniambia, "Binti, ungekata, ningekuchukia," na huyo hakuwahi kunisifu kabla ya hapo.

Nilikwenda kuitazama mara moja, mjini Reading, Jumatano mchana, mvua. Ukumbi ulikuwa na watu wachache walioingia kukwepa maji, na kundi la vijana wenye chipsi na siki waliokuja kucheka. Walijua jina la studio. Lilipotokea kwenye skrini wakaanza, mmoja akalia kama kuku, wengine wakampigia makofi. Nikakaza meno. Nilikaa karibu na mwanamume wa makamo, koti la shirika la reli, mikono ya mtu anayebeba vyuma. Alikuwa ameanza kusinzia.

Mtoto akagonga. Mama, nina baridi. Vijana bado wanachekacheka. Nikamfungulia, nikampangusa udongo, nikamwekea mkate. Kicheko kikapungua, kikawa cha mtu mmoja, na huyo naye akanyamaza. Harufu ya siki ikabaki hewani, hakuna aliyekuwa anakula. Nikamwona yule kijana wa kuku ameshusha miguu yake kutoka kiti cha mbele, amekaa wima kama yuko kanisani.

Mtu wa reli akanishika mkono. Hakunitambua, hata hakunitazama, sidhani kama alijua ameshika nini. Alinibana mpaka pete ikaniingia kwenye kidole, na nikamwacha abane. Kule mbele mkono wangu ulikuwa unapanda polepole kwenye ukosi.

"Usifungue, mama," akanong'ona, mtu mzima yule. "Usifungue, nakuomba."

Nikafungua.